Maabara Pepe na Somo la Umeme

Katika shule za msingi za katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako mara nyingi madarasa yamejaa na vifaa ni haba, mwalimu wa sayansi hushawishika kufundisha umeme kwa chaki tupu. Mtoto hunakili mchoro wa sakiti bila kuiona balbu ikiwaka. Maabara pepe yaweza kusaidia, ilimradi mwalimu ajue mipaka yake.

Maabara pepe ni programu ya kompyuta inayoigiza vifaa vya majaribio. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, hutoa programu za namna hiyo bila malipo. Nyingi hupakuliwa mara moja, kisha hutumika bila intaneti. Katika ile ya sakiti, mwanafunzi huunganisha mwenyewe betri, swichi, balbu na nyaya. Betri ya volti 9 ikiunganishwa na balbu yenye ukinzani wa omu 10, amita husoma ampea 0.9. Balbu ya pili kama hiyo ikiongezwa kwa mfuatano, mkondo hushuka hadi 0.45 na mwanga hufifia.

Usiwatangulie kwa jawabu. Kila kikundi kiandike kwanza ubashiri wake, ndipo mmoja aguse kompyuta, na zamu ibadilike kila jaribio. Kwa maoni yangu, kinachoharibu somo si uchache wa kompyuta, bali ni wale hodari wawili wanaoing'ang'ania huku wenzao wakitazama.

Kisha rudini kwenye vitu halisi. Maduka ya Kariakoo yanauza betri za volti 1.5, balbu za tochi na nyaya. Unganisheni balbu mbili kwa usambamba. Kwenye kompyuta kila moja huwaka kama ilivyowaka peke yake. Kwenye betri iliyochakaa zote hufifia. Mtoto atauliza sababu, na hapo ndipo penye utamu wa somo: betri halisi ina ukinzani ndani yake, ambao programu haiuhesabu isipopangwa kufanya hivyo.

Jambo moja halina mzaha. Ncha za betri zikiunganishwa kwa waya mtupu, programu huonyesha moto. Kitufe kikibonyezwa, moto hutoweka. Jioni mtoto huyo yuko nyumbani, karibu na soketi yenye volti 230. Kwa hiyo, kabla ya kompyuta kuwashwa, waambie waziwazi kwamba majaribio hufanywa kwa betri za tochi tu, mbele ya mwalimu, na soketi haiguswi.