Mtumbwi wa marehemu baba: Utengenezwe au uuzwe?

Wazazi wengi wanaoishi Kitai na Mbinga mjini wana asili ya mwambao wa Ziwa Nyasa: Lituhi, Liuli, Mbamba Bay. Mzee akifariki dunia, huacha shamba, nyumba na pengine mtumbwi wa gogo uliopasuka, umelala mchangani. Mtoto mmoja anataka uuzwe, ada ya shule ipatikane. Mwingine anasema huo ndio uliowasomesha wote, utengenezwe. Kikao kinavunjika watu wamenuniana.

Kabla ya kufika huko, fanyeni mambo haya.

Kagueni ufa

Boti ya mbao ubao wake ukioza, fundi huung'oa na kuweka mwingine. Mtumbwi wa gogo ni mti mmoja uliochongwa kwa shoka na tezo. Hauna ubao wa kubadilisha. Kwa hiyo ufa uko wapi ni swali kubwa kuliko urefu wake.

Ufa wa juu, karibu na ukingo, au wa kwenye ncha uliotokana na jua, fundi anaweza kuuziba kwa pamba na lami, kisha akapigilia bati. Ufa unaokwenda sakafuni kwa urefu ni hatari, kwa sababu uzito wa watu na nyavu huufungua kila siku. Chomeni sakafu kwa ncha ya kisu, hasa pale maji ya mvua yalipotuama. Kisu kikizama kwa urahisi, mti umeoza na bati halitasaidia.

Nani atauvulia?

Mtumbwi uliotengenezwa ukaachwa juani hupasuka tena, na ukilazwa chini huliwa na mchwa. Kama ndugu wote wako mjini na hakuna anayevua, mtatumia fedha kwa kumbukumbu isiyodumu. Kama yupo mpwa au binamu anayevua usipa, matengenezo yana maana. Kumbukeni pia kwamba mninga, mti unaosifika kwa mitumbwi, haukatwi bila kibali, hivyo kupata gogo jingine si rahisi.

Ulizeni bei tatu: ya matengenezo, ya mtumbwi mwingine uliotumika, na ya kuuza huo kama ulivyo. Mkiziweka pamoja, hasira hupungua.

Mali ni ya nani?

Mtumbwi wa marehemu ni mirathi kama shamba. Aliyekuwa akiishi na mzee hawezi kuuuza peke yake. Kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi, mahakama imthibitishe, na mama mjane asikilizwe kabla ya wote.

Mkiuza, semeni kweli

Mwonyesheni mnunuzi ufa, muandike kwenye hati ya mauziano mbele ya mtendaji wa kijiji. Upepo wa mwera ukivuma, ufa uliofichwa kwa lami unaweza kuzamisha baba wa watoto wengine. Na mkitengeneza, ujaribuni kwanza karibu na ufukwe, ukiwa na mtu mzima anayejua kuogelea na aliyevaa jaketi okozi. Watoto wasubiri nchi kavu.

Kama mti umeoza kabisa, msimuuzie mtu wa kuvulia. Uwe kitalu cha miche au benchi la uani. Kafi la mzee litundikeni sebuleni, muwaeleze wajukuu alikokuwa akienda nalo usiku, na kwa nini wao leo wako shuleni.