Tani 500: mstari uliotenganisha jahazi na meli

Kila mwenye mashua hapa Pwani anaijua shughuli ya leseni ya mwaka. Chombo kikaguliwe, namba iandikwe mahali paonekanapo, abiria wahesabiwe, na nahodha awe na karatasi mkononi kabla ya kung'oa nanga. Wengi wanadhani mambo haya yaliletwa na Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009, au na KMA. Lakini kanuni zinazofanana na hizi kiasi cha kushangaza ziliandikwa mwaka 1890, tena Brussels, mji ambao hata bahari hauna.

Nazieleza leo kwa sababu barazani, tukizungumzia bandari ya enzi za ukoloni, nasikia hadithi mbili tu. Wa kwanza atasema Mwingereza alikuja kukomesha utumwa. Wa pili atasema utumwa ulikuwa kisingizio, shabaha ilikuwa kuua biashara ya majahazi. Ukizisoma kanuni zenyewe unakuta wote wawili wana cha kushika.

Tuanze na lililo kweli kabisa. Biashara ya watumwa ilipita katika maji yetu haya, na vyombo vilivyoibeba vilikuwa majahazi. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini tarehe 5 Juni 1873, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari, mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi hayo. Anayepita Kengeleni leo akielekea Nyali anapita juu ya historia hiyo. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba kila nahodha wa zamani alikuwa mfanyabiashara wa tende na boriti tu.

Ugumu ulikuja katika kutambua nani ni nani. Manowari (neno lenyewe tumelichukua kwa Mwingereza) ilipolisimamisha jahazi baharini na kukuta limebeba watumwa, kesi ilikuwa imekwisha. Je, ikikuta hakuna? Hapo sheria iliwapa maofisa orodha ya dalili. Pingu na minyororo, hilo linaeleweka. Lakini pia mapipa ya maji kupita mahitaji ya mabaharia, sufuria kubwa ya kupikia, mchele mwingi, mikeka mingi, na mbao za ziada ambazo zingeweza kutandikwa kuwa sakafu ya pili.

Sasa mwulize yeyote aliyewahi kusafiri kwa jahazi. Chombo kinachotoka Lamu kwenda Arabuni na abiria, mahujaji wakiwemo, kitakosaje sufuria kubwa? Nahodha gani mwenye akili angekata bahari kuu bila maji ya akiba, hali hajui upepo utamgeukia lini? Dalili za mwuza watu zilikuwa zile zile dalili za nahodha mwangalifu. Ongeza kwamba mabaharia wa manowari walilipwa bahashishi kwa kila mtumwa waliyemkomboa, na pia kwa ukubwa wa chombo kilichohukumiwa, na kwamba majahazi mengi yalichomwa moto huko huko baharini kabla ya mahakama kuyaona. Mtu analipwa kwa tani halafu anaachiwa aamue mwenyewe kama chombo kina hatia! Hata leo tungeita huo mgongano wa maslahi.

Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, Zanzibar ikiwa miongoni mwa waliosaini, ulijaribu kuweka karatasi mahali pa kubahatisha. Haki ya kusimamisha na kupekua ilihusu eneo kubwa: tangu pwani ya Baluchistan, pamoja na Ghuba na Bahari ya Shamu, hadi karibu na Quilimane huko Msumbiji. Ndani ya eneo hilo, chombo cha chini ya tani 500 kingeweza kusimamishwa. Cha tani 500 na zaidi kiliachwa kipite.

Hapo ndipo ulipochorwa mstari ninaouzungumzia. Karibu hakuna jahazi, sambuku wala bumu lililofika tani 500, na stima za Wazungu zilizosafiri kati ya bara na bara zilivuka kiwango hicho. Hakuna mahali mkataba uliposema "Mwarabu", "Mswahili" au "Mhindi" apekuliwe na Mzungu asipekuliwe. Haikuwa lazima. Mizani ya tani ilifanya kazi hiyo kimya kimya.

Masharti yenyewe yalikuwa marefu. Anayetaka kupeperusha bendera ya dola iliyosaini alipaswa kuwa raia wake au mtu aliye chini ya ulinzi wake, athibitishe kwamba ana mali isiyohamishika katika wilaya yake au aweke dhamana, na awe na sifa njema, hasa asiwe amewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Kibali kilifanywa upya kila mwaka. Jina la chombo na tani zake vilichongwa na kupakwa rangi nyuma, kwenye tezi, kwa herufi za Kilatini. Herufi ya mwanzo ya bandari yake na namba ya usajili vilipigwa kwa rangi nyeusi juu ya matanga. Fikiria mafundi wetu waliozoea kuandika kwa herufi za Kiarabu wakiambiwa maandishi yao hayatoshi katika chombo chao wenyewe.

Kisha watu. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuandikwa baharia mpaka ahojiwe na ofisa na ionekane amekubali kwa hiari yake. Abiria weusi waliorodheshwa mmoja mmoja. Mtoto mweusi hakupanda ila awe na wazazi wake au mtu anayejulikana kwa heshima. Wala nahodha hakuweza kuwateremsha abiria hao popote alipotaka njiani.

Kanuni hii naiona ngumu kuihukumu. Watumwa kweli walifanya kazi ya ubaharia, mshahara ukienda kwa bwana, na wengine kutoka pande zetu walifikishwa Ghuba kuzamia lulu. Kwa mtu wa namna hiyo, dakika moja ya kuulizwa mbele ya ofisa ingeweza kuwa mlango wa pekee. Kwa kijana wa Pate aliyezaliwa huru, mwana wa mabaharia, dakika hiyo hiyo ilikuwa ya kumthibitishia mgeni kwamba yeye si mali ya mtu.

Wenye majahazi nao hawakukaa kusubiri. Ufaransa ilikubali mkataba lakini ikavikataa vifungu vya kupekuliwa na manowari za wengine, kwa hiyo bendera yake ikawa kinga. Manahodha wa Sur, Oman, walikuwa na vibali vya Kifaransa na wakaendelea kuvitumia. Ugomvi huo ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na uamuzi ukatolewa tarehe 8 Agosti 1905: baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa raia wa Oman bendera yake, isipokuwa wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Majahazi ya mbao, matanga ya pamba, na mahakimu wa Ulaya wameketi kuyajadili.

Mombasa mgawanyiko huo unaonekana kwa macho. Majahazi yalibaki Bandari ya Kale, mashariki ya kisiwa, wakati meli kubwa zilihamia Kilindini, ambako gati za maji ya kina zilianza kutumika mwaka 1926. Fedha za serikali, reli na mashine za kupakulia vilielekea Kilindini. Kanuni ya karantini, angalau kwa maandishi, haikujali tani: bendera ya njano ilipandishwa juu, na hakuna aliyeshuka kabla ya ruhusa ya daktari. Tauni haichagui.

Narudi kwa leseni zetu. Kuhesabu abiria leo kuna sababu nyingine kabisa. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na ilikuwa imejaa kupita kiasi. Anayekataa kuhesabiwa kwa kisa cha ukoloni simuungi mkono. Lakini kijana mvuvi akisimamishwa baharini, samaki wakiharibika juani huku akiulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi, ana haki ya kuuliza kama anakaguliwa kwa usalama wake au anashukiwa kwa udogo wa chombo chake.

Tena kuna kifungu kimoja cha Brussels ambacho sioni kikitajwa barazani. Uchunguzi ukionyesha kwamba chombo kilikamatwa kinyume cha sheria, mwenye chombo alistahili fidia moja kwa moja, kulingana na hasara aliyoipata kwa kutolewa katika njia yake. Wenye mashua wanaokwenda kujadiliana kuhusu kanuni za vyombo vidogo wangeanza hapo: siku ya kazi ikipotea bila kosa, nani anailipa, na dai lipelekwe ofisi gani?