Fahamu: Kwa nini kompyuta huchemka ilhali feni yazunguka
Kompyuta ya afisini Magu, prosesa yake ikaribiapo nyuzijoto 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi au hujizima ili kujihifadhi. Na aghalabu sababu si feni, bali ni kipozeo cha chuma kisichogusana barabara na prosesa, hata hewa iliyonaswa baina ya viwili hivyo ikazuia joto kupita.

Dawa yake ni kuchomoa umeme, kufuta kwa spiriti pesti kuukuu ya kupitishia joto, kubandua utando wa plastiki ikiwa kipozeo ni kipya, kutia pesti kiasi cha punje ya njegere, kisha kukaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, mkandamizo uwe sawia.

Na kwa kuwa Magu iko karibu na Ziwa Viktoria, lililo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na huchukua joto kidogo kuliko ya pwani, uangalifu huu ni wajibu.