Albamu bora ya Msondo ni ipi? Soma hii kabla hujaanza ubishi

Weka wimbo wa Msondo Ngoma kwenye simu jioni hapa Bulwa, watu wakiwa wametoka kuchuma chai, halafu tulia uone. Mzee mmoja atasema Msondo ni ule wa Gurumo, nyingine zote ni makelele. Kijana atamjibu kwamba bila TX Moshi William hakuna Msondo. Wa tatu atawaambia wote wawili hawajui muziki, wasikilize kwanza gitaa la Saidi Mabera.

Ubishi huu ni mtamu, ila hauishi. Na hauishi kwa sababu kila mmoja anaongelea bendi ya wakati tofauti bila kujua. Siku hizi kuna mtindo wa kupanga albamu za bendi kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho kwa ubora. Ukijaribu kwa Msondo, hesabu inagoma. Tuangalie kwa nini.

Bendi moja, majina manne

Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. NUTA kilikuwa chama cha wafanyakazi, na bendi ilikuwa mali yake: vyombo vya chama, wanamuziki wakilipwa mshahara kama waajiriwa wengine.

CCM ilipozaliwa mwaka 1977, NUTA ikageuka kuwa JUWATA, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama kikawa OTTU, bendi nayo ikawa OTTU Jazz. Baadaye ndipo likaja jina la Msondo Ngoma.

Kumbe mashabiki walikuwa wakiita Msondo muda wote huo. Huo ndio uliokuwa mtindo wa bendi, yaani jina la uchezaji wake. Zamani kila bendi ilikuwa na wake: Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Safari Sound wakawa na Ndekule. Jina la chama lilibadilika na siasa, mtindo ukabaki kwa watu.

Kwa hiyo ukitafuta "albamu za Msondo" tu, unaweza kukosa miaka thelathini ya mwanzo. Nyimbo zipo, ila zimeandikwa jina lingine.

Redio ndiyo ilikuwa studio

Hapa ndipo penye shida kubwa. Chukua bendi ya Uingereza kama Genesis. Mashabiki wake nao wanabishana: wengine wanataka enzi ya Peter Gabriel, aliyeondoka mwaka 1975, wengine wanataka Phil Collins aliyeshika uimbaji baada yake. Lakini wao wana albamu mkononi. Kila moja ina mwaka, majina ya waliopiga na nyimbo zilizopangwa na bendi yenyewe.

NUTA na JUWATA hawakufanya kazi hivyo. Walikuwa wakienda Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima inapiga kwa pamoja, wimbo unaingia kwenye mkanda, mkanda unabaki redioni. Wimbo ukipigwa hewani, mtu wa Dar na mtu wa huku milimani mwenye redio ya betri wanausikia siku moja. Hapakuwa na kitu cha kwenda dukani kununua na kuita albamu.

Santuri zilikuwepo, nyingi zikitengenezwa Kenya, lakini zilikuwa zile ndogo za wimbo mmoja mmoja. Na wimbo wa dansi ni mrefu: unaanza taratibu na maneno, kisha linakuja chemko, magitaa yanapandana na watu wanaingia uwanjani. Kwenye santuri ndogo wimbo ulikatwa vipande viwili, mwanzo upande mmoja, mwisho upande wa pili. Anayeukumbuka kwa santuri na anayeukumbuka kwa redio hawakumbuki kitu kilekile.

Albamu kwa maana ya leo zilikuja kushika kasi wakati wa kaseti na CD. Ndiyo maana orodha nyingi za vijana zimejaa nyimbo za karibuni kama Piga Ua na Kilio cha Mtu Mzima. Ni nyimbo kali, hakuna anayekataa. Ila zinashindana peke yao, wakubwa zao hawakuingizwa uwanjani.

Mashabiki wanapangaje basi?

Sikiliza ubishi vizuri, utaona mashabiki wa zamani hawapangi kwa albamu. Wanapanga kwa watu. Wanasema "ya Gurumo", "ya Bitchuka", "ya TX". Ni njia nzuri, ila nayo ina mitego yake.

Muhidin Maalim Gurumo alikuwepo NUTA tangu mwanzo. Mwaka 1978 akaondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park na wenzake. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo na kukaa mpaka alipostaafu mwaka 2013. Alifariki Aprili 2014.

Maana yake Gurumo ana enzi mbili ndani ya Msondo, na katikati yake kuna bendi nyingine mbili. Ukikuta wimbo wake wa mwaka 1986 umeandikwa Msondo, shtuka. Wakati huo alikuwa Ndekule.

TX Moshi aliingia JUWATA miaka ya 1980, Gurumo akiwa kwingine. Gurumo aliporudi wakawa pamoja jukwaani, mpaka TX alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo yule mzee na yule kijana wa Bulwa huenda wanagombana juu ya nyimbo ambazo wote wawili wamo.

Hassan Rehani Bitchuka naye amepita Msondo na Sikinde. Ukimpanga kwa bendi moja, umemkata nusu.

Kwani kuna hasara gani?

Mtu anaweza kusema ni porojo za kijiweni tu, zina hasara gani? Ipo hasara, tena kubwa.

Leo nyimbo nyingi hizi zinasikilizwa kwenye simu, na aliyezipandisha mtandaoni mara nyingi si bendi. Jina la wimbo limekosewa, mtunzi hayupo, bendi ni ile aliyoikumbuka yeye. Wa pili ananakili, wa tatu anatoa orodha. Baada ya miaka michache kosa limekuwa historia.

Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtunzi ambaye jina lake halimo kwenye wimbo. Wengi wao wameshafariki, wamebaki wajane na watoto. Jina likipotea, familia inadai kwa kutumia nini?

Na mikanda yenyewe ya Radio Tanzania, ambayo leo ni TBC, ni vitu vinavyozeeka. Wimbo ambao hakuna anayeutaja hakuna atakayekumbuka kuutafuta. Orodha za mashabiki zinaweza kuusaidia hapo, kwa sababu zinaonyesha kuna watu wanaoutaka.

Ukitaka kupanga kwa haki

Fanya hivi. Kwanza gawa mafungu manne: NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma. Kila fungu litoe nyimbo tano, usiruhusu moja limeze mengine.

Pili, andika kila wimbo na mwimbaji wake, mtunzi kama anajulikana, na jina la bendi wakati ule. Kama huna uhakika, acha wazi, usibuni.

Tatu, sikiliza wimbo mpaka mwisho. Kuukata kabla ya chemko ni sawa na kutoka uwanjani mapumziko halafu unasimulia matokeo.

Nne, kaa na wakubwa. Sisi wa mkoa wa Tanga tumezoea kujisifia Atomic na Jamhuri Jazz zetu, na ni haki yetu. Lakini wapo wazee waliofuata Msondo redioni tangu ikiitwa NUTA. Muulize babu au mjomba aliyebaki nani aliimba nini, kisha uandike leo leo. Kushinda ubishi kutakuja baadaye.