Kufyata, Kufyatua na Kufyatuka: Kazi ya Kifyatulio kutoka Gobore la Pwani ya Lindi hadi Bunduki ya Shabaha ya Mezani

Makala haya yanafafanua kazi ya kifyatulio cha bunduki kwa kuanzia katika kitenzi chenyewe. Kufyata ni kubana kitu katikati, kama mbwa afyatavyo mkia. Kufyatua ni tenduo lake: kukiachia kilichobanwa. Ndiyo maana Mswahili hufyatua mtego, hufyatua matofali kutoka katika kalibu, na hufyatua bunduki. Kufyatuka ni jambo jingine, kwani kiambishi -k- humwondoa mtenda: chombo kimeachia, na aliyekiachia hatajwi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufundi wote wa kurekebisha kifyatulio hufanyika katika nafasi finyu iliyopo baina ya vitenzi hivi viwili vya mwisho.

Kwa msemaji wa Rasbura, mjini Lindi, au wa Kilwa Kivinje, bunduki ya asili ni gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Katika karne ya 19 bandari za Kilwa Kivinje na Lindi zilipokea silaha za namna hii katika biashara iliyotoa pembe na watumwa kutoka bara. Katika bunduki ya gumegume, kuvuta kifyatulio huachia jiwe lipige chuma. Cheche huwasha baruti iliyo nje, na moto hupenya tundu hadi ndani ya mtutu. Baina ya mvuto na mlio kuna muda unaohisika, na mpigaji hulazimika kutulia hadi risasi itoke. Fataki, iliyotokana na ugunduzi ambao Alexander John Forsyth wa Scotland aliupatia hataza mwaka 1807, ilifupisha muda huo.

Katika chombo cha namna hiyo kifyatulio chepesi hakingemfaa mtu. Mtutu laini usio na mifuo hupeleka risasi kwa kubahatisha, hivyo usahihi uliookolewa kidoleni ungepotea njiani. Aidha, mwindaji hupita vichakani akiwa na silaha iliyokwisha kushindiliwa; kifyatulio kizito ndicho kinga yake.

Tofauti hii ya kiufundi iligeuzwa kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zenye mitutu isiyo na mifuo. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliweza kuuziwa silaha ya kizamani, huku ile sahihi ikihodhiwa na dola. Vita vya Majimaji vilipoanza katika vilima vya Matumbi mwaka 1905, magobore na mikuki vilikabili bunduki za mifuo na bombomu.

Upande wa pili kabisa wa historia hiyo kuna mashindano ya shabaha ya mezani, yaliyopata umbo lake Marekani katika miaka ya 1940. Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, na mshindani hupiga risasi tano, mara nyingi kwa yadi 100, karibu meta 91. Hapimwi kwa kugonga kitovu cha shabaha, bali kwa udogo wa umbali baina ya matundu yaliyoachana zaidi. Daraja la bunduki nyepesi huishia paundi 10.5, takriban kilo 4.8. Kifyatulio chake huweza kuachia kwa aunsi 2, yaani gramu 57 hivi: uzito wa yai la kuku! Sababu ni rahisi. Nguvu ya kidole ikiwa kubwa husukuma bunduki juu ya mifuko, na msogeo usioonekana kwa jicho huharibu kundi zima la matundu.

Fundi hushughulika hasa na kizuio, jino dogo linalokifyata kipigio kisirudi mbele. Hulainisha nyuso zinazogusana ili zisikwaruzane, hupunguza mwendo wa kifyatulio kabla na baada ya kuachia, na huchagua springi inayolingana. Lakini kina cha mshikano wa jino hilo kikipunguzwa kupita kiasi, bunduki huacha kufyatuliwa, hufyatuka. Kuifunga tu kwa nguvu, au kuigonga kitako, kwatosha. Ndiyo maana katika mashindano haya komeo la bunduki huondolewa kabisa kila upigaji unaposimamishwa. Kifyatulio kama hicho kikihamishiwa katika bunduki ya kuwindia, kinga hiyo ya uwanjani haifuatani nacho porini.

Hapa suala la istilahi linakuwa la kisheria pia. Tanzania inasimamia silaha kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu anapouawa kwa risasi, maelezo kwa kawaida huandikwa kwa Kiswahili. “Bunduki ilifyatuka” ni kauli ambayo msikilizaji huweza kuifasiri kuwa ajali, ilhali msemaji huenda alitaka tu kueleza mlio. Neno mtambo, ambalo hujumuisha kifyatulio, kizuio, kipigio na springi kwa pamoja, halimsaidii anayechunguza ni kipi kilichoachia. Kwa hiyo inapendekezwa kizuio kipewe kidahizo chake kama istilahi ya bunduki, na mchunguzi aandike kufyatuka pale tu ambapo kipimo cha mshikano na jaribio la kugonga vimeonyesha kwamba silaha huweza kuachia bila kidole.