Mnyoo Ubongoni: wa Australia na Wetu

Kile kisa cha mwanamke wa Australia aliyetolewa mnyoo hai wa sentimita 8 ubongoni ni cha kweli: upasuaji ulifanyika Canberra mwaka 2022. Mnyoo huyo ni wa chatu wa huko, kwa hivyo mkazi wa hapa asikose usingizi.

Wa kutukosesha usingizi ni tegu wa nguruwe, ambaye yuko Kenya na hauzi magazeti. Mayai yake hutoka na kinyesi cha binadamu. Ukiyala kwa mboga au mikono isiyooshwa, vijinyoo husafiri kwa damu hadi ubongoni, na baadaye kifafa huanza. Jamaa husema ni mapepo. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Asinunuliwe dawa ya minyoo kiholela, kwani vijinyoo vikifa ubongo unaweza kuvimba.