Mhadhara Mfupi: Profesa Mbele ya Umma

Utafiti wa chuo kikuu aghalabu huishia katika jarida linalosomwa na wataalamu wachache. Mwananchi ambaye kodi yake huchangia kuviendesha vyuo vya umma mara nyingi hajui kilichogunduliwa humo. Mojawapo ya njia za kuliziba pengo hilo ni mhadhara mfupi, yaani mazungumzo ambamo profesa huwaeleza watu wa kawaida kiini cha utafiti wake. Makala haya yanafafanua misingi mitatu ya mhadhara wa aina hiyo, na kuonyesha unavyowahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Msingi wa kwanza ni kuanzia katika kinachojulikana. Mwaka 1825, Taasisi ya Kifalme ya London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana. Mwanasayansi Michael Faraday, aliyeitoa mara nyingi, alieleza kemia kwa kutumia mshumaa. Kila msikilizaji aliujua mshumaa. Asichokijua ni kwamba nta huyeyuka, hupanda kwenye utambi na kugeuka mvuke kabla ya kuwaka.

Msingi wa pili ni kushikilia wazo moja. Mwaka 1979, Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa Mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Mada yake, hali ya Afrika, ilikuwa pana mno. Aliigawa katika mihadhara sita, kila mmoja ukijengwa juu ya kwelikinzani moja. Mathalani, Afrika imo katikati ya ramani ya dunia, ilhali katika mamlaka ya dunia imesukumwa pembeni. Hata asiyesomea siasa angeweza kuikumbuka hoja hiyo na kuijadili na jirani yake.

Msingi wa tatu ni kutanguliza maana, kisha istilahi. Chukua mfano wa fonolojia. Mhadhiri akianza kwa kutaja uyeyushaji, wasikilizaji watamwacha njiani. Akiuliza kwa nini tunasema "mtoto" lakini "mwana" na "mwalimu", kila mtu atatega sikio. Hapo ataeleza kwamba kiambishi cha asili ni "mu-", na kwamba irabu "u" inapokutana na irabu nyingine hugeuka "w". Mtoto mdogo huifuata kanuni hiyo bila kufundishwa. Baada ya hayo, neno uyeyushaji halitamtisha yeyote.

Mazrui alitoa mihadhara hiyo kwa Kiingereza, na hali hiyo ingalipo katika vyuo vyetu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, profesa wa kilimo au tiba anayetaka kuzungumza na wakulima au wagonjwa hulemewa na ukosefu wa istilahi alizozizoea. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika, si kama mkalimani tu, bali kama mshirika katika kuuandaa mhadhara. Nayo istilahi hupata mtihani wake wa kweli: ile ambayo msikilizaji hawezi kuielewa wala kuitumia itabaki kamusini.

Wapo wanaohofia kwamba ufupi huishusha hadhi ya taaluma. Hofu hiyo ina msingi iwapo mzungumzaji ataficha mashaka na kutia chumvi matokeo. Lakini mhadhara mfupi hauchukui nafasi ya tasnifu, huifungulia mlango.

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022, ni fursa mwafaka. Aghalabu siku hiyo husheheni nyimbo, mashairi na hotuba za kukisifu Kiswahili. Vyama vya wanafunzi vinaweza kutenga dakika kumi kwa profesa wa taaluma yoyote aueleze utafiti wake kwa Kiswahili, na dakika nyingine kumi kwa maswali ya wananchi. Lugha husifiwa vyema zaidi inapofanyishwa kazi.